Pazia la Ndani Limechelewa: Stori ya Jua, Kioo na Nyumba za Magurudumu

Kuna mjadala mmoja huwa unanichosha. Msee ananunua vani kuukuu, anang'oa viti, anaweka godoro, kajiko ka gesi na taa ndogo za urembo, halafu anauliza wenzake: sasa hii jua nitafanyia nini? Majibu ni yale yale kila siku. Weka pazia nzito. Weka tinti. Nunua zile shiti za silva ubandike kwa kioo. Kila mtu anaongea kuhusu ndani. Ndani, ndani, ndani.

Mimi nasema jua likishapita kwa kioo, mechi ishaenda nusu. Kivuli kinafaa kukaa nje. Na hii si maoni yangu tu ya kutafuta vita. Watu wamekuwa wakilijifunza hili kwa zaidi ya miaka 250, na kuna wakati walilijifunza angani kabisa, kwa nyumba iliyokuwa inaiva kama mkate. Kaeni hapo niwape hiyo historia, juu shuleni hawakutupea.

Tuanze na kioo chenyewe. Mwaka 1767, huko Geneva, kulikuwa na mwanasayansi anaitwa Horace-Bénédict de Saussure. Watu wa enzi hiyo walijua vizuri kwamba chumba au gari la farasi lenye kioo hupata moto kuliko nje. Yeye akataka kujua ni moto kiasi gani. Akaunda masanduku matano ya kioo, moja ndani ya lingine kama sufuria zikipangwa kabatini, akayaacha juani. Sanduku la ndani kabisa likapita nyuzi joto 80. Baadaye akatengeneza sanduku bora zaidi, la mbao, jeusi ndani, lenye vioo vitatu juu. Hilo lilifika kama nyuzi 110. Maji yangechemka mle.

Lakini sehemu inayonifurahisha ni hii. Alibeba sanduku lake hadi juu ya mlima Cramont, kwenye milima ya Alps. Kule juu hewa ilikuwa baridi, kama nyuzi 6 tu. Ndani ya sanduku? Karibu nyuzi 88. Kesho yake akashuka nalo mahali ambapo hewa ilikuwa nyuzi 25, na ndani kukawa karibu vile vile.

Soma hiyo tena polepole kama unaishi Nairobi, Limuru ama Nanyuki na unapenda kusema "lakini huku kwetu ni baridi." Baridi ya hewa haimsaidii mtu aliyefungiwa nyuma ya kioo. Mwangaza wa jua unapita kwenye kioo bila shida, unagonga kiti, godoro au pazia jeusi, unageuka kuwa joto. Hilo joto likitaka kurudi nje, kioo kinalikatalia. Na hewa iliyoshika moto haina mlango wa kutokea. Hiyo ndiyo siri yote. Tena si joto la mchezo. Mchana bila mawingu, kila mita moja ya mraba inayotazamana na jua inapokea karibu wati 1000, sawa na pasi ya umeme. Kioo cha mbele cha vani yako ni pasi imewashwa, na wewe umetandika kitanda nyuma yake.

Sasa tuje kwa nyumba za magurudumu. Wazungu huziita karavani, na vitabu vingi vitakwambia ya kwanza ya starehe ilikuwa The Wanderer, iliyotengenezewa Bristol, Uingereza, mwaka 1885. Mwenyewe alikuwa William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Alizunguka nayo ikikokotwa na farasi wawili. Waroma walikuwa wakiishi kwenye nyumba za farasi kabla yake, ila unajua vile huwa: maskini akifanya kitu ni shida zake, tajiri akikifanya kinaingia kwa historia. Tuendelee. The Wanderer ilikuwa ya mbao nzuri ya mkangazi, na mbao ni mvivu kupitisha joto. Halafu jua la Uingereza ni la kubembelezwa litoke. Hakuna mtu alikuwa anahangaika na dirisha.

Shida ilikuja na chuma, na ilikuja Marekani. Mwaka 1934 William Hawley Bowlus alitoa trela ya alumini iliyong'aa, ikaitwa Road Chief. Huyu Bowlus alikuwa fundi wa ndege. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh alivuka nayo Atlantiki peke yake mwaka 1927. Kwa hivyo trela yake ilifanana na ndege iliyokatwa mabawa. Biashara ikamshinda, na mwaka 1936 Wally Byam akatoa ya kwake, Airstream Clipper, ya kulaza watu wanne. Umbo lile lile la risasi, mwili wa alumini, na madirisha.

Alumini inayong'aa ni kitu kizuri juani, juu inarudisha mwangaza mwingi ulikotoka. Wakaongeza vitu vya kuzuia joto katikati ya kuta. Lakini ukishatengeneza ukuta mzuri hivyo halafu ukautoboa madirisha, umeweka mlango wa chuma kwa nyumba isiyo na paa. Na walijua. Ile Clipper iliuzwa na mpango wa kupoza hewa kwa kutumia barafu kavu. Mtu habebi barafu kavu safarini kama ndani ni poa.

Byam hakutosheka kuzunguka kwao. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Afrika Mashariki, Ethiopia wakapokelewa na Haile Selassie, na mwisho wakaegesha karibu na piramidi. Zaidi ya kilomita 20,000. Hebu jaribu kuchora hiyo picha: foleni ya vyuma vya silva inakuja Afrika mwaka ambao Kenya ilianza na kumaliza ikiwa bado chini ya Hali ya Hatari, mtu mweusi akihitaji kipande kutembea kwa nchi yake mwenyewe, na hawa wanatalii wakiwa na jiko na kitanda. Sitasema zaidi, si mada ya leo. Nachotaka uone ni dirisha. Madirisha ya Airstream yana bawaba juu na yanafunguka kwa kusukumwa nje kutoka chini. Hewa inaingia, hata mvua ikinyesha. Lakini kilichosimama nje pale ni kioo, na kioo hakitoi kivuli.

Cha kuchekesha ni kwamba jibu lilikuwa tayari limechapishwa. Miaka miwili kabla ya ule msafara, mwaka 1957, ndugu wawili mapacha, Aladar na Victor Olgyay, wazaliwa wa Hungaria waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walitoa kitabu kuhusu vifaa vya kukinga jua kwenye majengo. Walipima, wakachora, wakalinganisha. Na walichokipata ni kile ninachowapigia kelele: kivuli kilekile kikikaa nje ya kioo kinafanya kazi kubwa kuliko kikikaa ndani. Kikiwa nje, joto linaloshika kile kitambaa au ubao linapeperushwa na upepo. Kikiwa ndani, pazia lenyewe linageuka hita.

Na kama unadhani ilibidi tungoje mapacha wa Olgyay, tembea Mji wa Kale Mombasa uinue macho. Zile roshani za mbao zinazotokeza juu ya barabara, na zile mbao zenye mianya kwenye madirisha, zote ziko upande wa nje. Mafundi wa pwani, na wenzao kutoka Uarabuni na India waliochanganyika nao, walizuia jua kabla halijagusa chumba, wakaacha upepo wa bahari upite. Mama anachungulia barabarani bila kuonekana, na ndani kumetulia. Halafu sisi tumekuja kujenga Nairobi maghorofa ya kioo kutoka juu hadi chini, tunalipia umeme wa kupoza hewa, tunaita maendeleo. Mnanishangaza.

Turudi kwa zile shiti za silva, maana nazo zina historia, na ni tamu. Ni plastiki nyembamba sana iliyopakwa alumini nyembamba zaidi. Mwaka 1960 Marekani walirusha angani puto kubwa la plastiki hiyo, Echo 1, upana wake mita 30, likatumika kama kioo cha kurudisha mawimbi ya redio duniani. Mwaka 1964 wataalamu wa NASA wakaboresha malighafi hiyo hiyo ikawa ile blanketi nyepesi ya kung'aa unayoiona kwa waathiriwa wa ajali na wakimbiaji wa marathoni. Kutoka hapo ikaingia madukani, mtu akaibandika kwa sponji au plastiki ya mapovu, akaikata saizi ya kioo cha gari. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "hii ni teknolojia ya NASA," hajakudanganya sana. Amekuachia tu nusu ya stori, na ile nusu nyingine ni Skylab.

Skylab ilikuwa nyumba. Kituo cha anga cha kwanza cha Marekani, chenye vitanda, meza ya kulia na hata bafu. Kwangu mimi ni karavani kubwa iliyokokotwa na roketi badala ya gari. Ilirushwa tarehe 14 Mei 1973 bila watu ndani, wenyewe wangefuata kesho yake. Dakika moja hivi baada ya kupaa, ngao yake ya nje ikang'oka. Ngao hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuzuia vijiwe vya angani na kuzuia jua. Ikaenda na bawa moja la sola, na bawa la pili likakwama.

Joto ndani likaanza kupanda hadi likapita nyuzi 50. Chini huku watu wakaanza kuhesabu hasara: chakula kitaharibika, dawa zitaharibika, filamu za kamera zitaungua, na ile foamu ya kuzuia joto kwenye kuta inaweza kutoa gesi ya sumu. Wakajaribu kukigeuza kituo ili ubavu usitazame jua, lakini wakigeuza hivyo zile sola zilizobaki zinakosa mwanga. Ukikimbia joto unapoteza umeme. Mwenye vani ya sola anaijua hiyo hesabu vizuri: ukiegesha chini ya mti unapoa, lakini betri inalala njaa.

Sasa angalia hawa watu. Ndio wenyewe wa plastiki ya alumini. Wana maroli na maroli ya ile kitu. Kuna mtu alisema tuibandike ndani ya ukuta? Hapana. Walijua lazima kivuli kikae nje, wakapewa siku 10 kutafuta njia ya kukifikisha huko.

Aliyepata jibu anaitwa Jack Kinzler. Hakuwa profesa. Aliingia kazini kijana kama mwanagenzi wa ufundi wa vyombo, akapanda hadi kusimamia karakana za kituo cha NASA cha Houston. Alituma watu wakamnunulie fimbo za kuvulia samaki, zile zinazorefuka zikivutwa, akazifunga kwa kitambaa cha parachuti, akawaonyesha wakubwa vile mwamvuli unaweza kupita kwa tundu dogo ukiwa umekunjwa halafu ukafunguka upande wa pili. Huyo ni fundi wa Kamukunji kabisa. Mpe nyundo na sanduku la nati, atakutengenezea mbingu.

Mwamvuli halisi ulishonwa kwa nailoni na ile plastiki ya alumini, karibu mita 7 kwa 7. Tarehe 25 Mei Pete Conrad, Joseph Kerwin na Paul Weitz wakaruka nao. Kesho yake, wakiwa ndani, waliusukuma kupitia tundu la upana wa takriban sentimita 20 lililokuwa limetengenezwa kwa ajili ya majaribio ya kisayansi. Ukafunguka nje. Haukunyooka vizuri sana, ulikuwa na mikunjo, lakini joto likaanza kushuka, na wale watu watatu wakaishi humo siku 28. Nyumba iliokolewa na mwamvuli.

Sasa kwa nini sisi bado tunabandika ndani? Nitakuwa mkweli, kuna sababu zenye maana. Cha ndani hakiibiwi. Hakipeperuki ukiendesha. Hakinyeshewi. Ukiwa umeegesha mtaani usiku, turubai nje linatangaza kwamba kuna mtu amelala humu, na si kila mtaa unataka kutangaza hivyo. Msichana anayesafiri peke yake ana haki ya kuchagua cha ndani na asisumbuliwe na historia yangu.

Pia si vya ndani vyote ni sawa. Shiti ya silva ikibanwa kabisa kwa kioo, upande wa kung'aa ukitazama nje, inarudisha sehemu ya mwangaza ukiwa bado ni mwangaza, na mwangaza unaweza kupita tena kwa kioo ukatoka. Pazia jeusi haliwezi hiyo. Linameza kila kitu halafu linakutemea joto usoni. Kwa hivyo zile pazia nyeusi za velveti ambazo kila vani ya picha nzuri iko nazo, samahani, hizo ni za usiku.

Tinti nayo? Ya kawaida nyeusi inapunguza mng'ao, lakini inafanya hivyo kwa kunyonya, kwa hivyo kioo chenyewe kinapata moto, na sehemu ya moto huo inaingia ndani. Kama umenunua karavani iliyotumika kutoka Ulaya, kuwa makini zaidi: madirisha mengi ya zile si kioo, ni plastiki ya akriliki ya tabaka mbili. Ukibandika filamu nyeusi hapo, joto linaweza kuyapinda au kuyapasua, na kupata lingine hapa nchini ni safari ya kanisa na maombi.

Kuna jambo moja sitaki tulifanyie mzaha. Mwaka 2005 madaktari na mtaalamu mmoja wa hali ya hewa kule California walichapisha utafiti kuhusu magari yaliyofungwa juani, siku ambazo nje kulikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Kwa wastani, ndani kulipanda nyuzi 22 zaidi kwa saa moja, na sehemu kubwa sana ya hiyo, asilimia 80, ilipanda kwa dakika 30 za kwanza. Kufungua dirisha kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Nyuzi 22 nje ni siku ya kawaida tu Nairobi, siku ya sweta. Mwili wa mtoto hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hivyo ile "naingia supamaketi dakika kumi tu, nimemwachia dirisha wazi" ifutwe kabisa, hata kama umeweka silva, pazia na tinti zote. Na mbwa vile vile.

Kwa wale wa vani, basi, ni hivi. Hapa karibu na ikweta jua la saa sita liko juu ya kichwa, kwa hivyo madirisha ya ubavuni huumia zaidi asubuhi na jioni, jua likiwa chini, kutoka mashariki na magharibi. Egesha ubavu wenye vioo vingi ukitazama kaskazini au kusini, na uelekeze upande mfupi usio na kioo kikubwa magharibi, maana jioni ndipo chuma chote kishashika moto wa mchana. Kidirisha cha paani ndicho kinapigwa saa sita, kwa hivyo anza na hicho. Kifuniko cha nje cha kioo cha mbele unaweza kumpelekea fundi wa maturubai akushonee chenye mikanda ya kushikwa na milango, ili mtu asikivute akapita nacho. Turubai la ubavuni liache nafasi ya kiganja kati yake na kioo, upepo upite hapo. Usilibane.

Na usilisahau huko nje mwaka mzima. Nailoni ya ule mwamvuli wa Skylab ilitiliwa shaka kwamba jua lingeiozesha, ndiyo maana tarehe 6 Agosti 1973 kikosi cha pili kilitoka nje na kutandaza kitambaa kingine juu ya kile cha kwanza. Turubai lako nalo linaoza vivyo hivyo. Likianza kuacha unga mkononi ukiligusa, nunua lingine.